Kabla hujampa farao sura: jinsi ya kueleza asili ya mtawala wa kale bila kupotosha watu

Hii naiandika kwa wale wanaotengeneza video za historia, wachoraji, walimu wanaoandaa mchezo wa darasani, na wale wanaoiambia akili mnemba "nitengenezee picha ya Cleopatra" wakachukua ya kwanza inayotoka wakaondoka nayo. Mimi ni mmoja wenu. Nimeandika skripti za wafalme wa kale miaka kadhaa sasa na kosa langu kubwa kuliko yote ni la Mentuhotep II, yule farao wa Thebes aliyeiunganisha tena Misri zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Nilichukua picha ya ile sanamu yake iliyoko jumba la makumbusho Cairo, kakaa, mikono kaikunja kifuani, taji jekundu, joho jeupe, ngozi nyeusi tii, nikaandika chini yake kwa kujiamini kabisa: hii ndo rangi halisi ya farao. Watu wakapenda, wakasambaza. Alafu akatokea mmoja akaniuliza kistaarabu tu, "na kwenye picha zake zingine ana rangi gani?" Jamani sikuwa nimeangalia hata moja. Nikaenda kuangalia, kwenye michoro ya ukutani ya hekalu lake mwenyewe ana ngozi ya wekundu wa udongo kama wanaume wengine wote wa michoro ya Misri. Mtu yuleyule, hekalu lilelile.

Tangu hapo sigusi mtawala yeyote kabla ya kupita hatua zifuatazo. Zingine ni fupi, zingine zitakula muda wako.

1. Livunje swali kwanza

Mtu akikuuliza "Cleopatra alikuwa Mwafrika au Mgiriki" usijibu, maana hapo kauliza maswali manne kwa mkupuo. Moja, alizaliwa na nani, yaani nasaba. Mbili, alizaliwa na kukulia wapi. Tatu, alionekanaje, ngozi, nywele, pua. Nne, yeye mwenyewe alitaka aonekane kama nani. Haya maswali hayana jibu moja na wala hayagombani. Cleopatra wa Saba ukoo wake ulitoka Makedonia, maisha yake yalikuwa ya Misri na mji wake ni Alexandria, lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kigiriki, na kwenye ukuta wa hekalu la Dendera amechorwa na mwanae Caesarion kwa mtindo wa kifarao kabisa, mavazi na mataji ya miungu. Ukienda kwenye sarafu zake unakuta mwanamke wa Kigiriki, nywele kazifunga kisogoni, pua ya kupinda. Yote ni yeye na yote aliyataka yeye. Ugomvi wa mwaka 2023, kile kipindi cha televisheni kilichomweka mwigizaji mweusi kwenye nafasi ya Cleopatra mpaka serikali ya Misri ikatoa tamko, kwa sehemu kubwa ulikuwa watu wanajibu swali la pili kwa ushahidi wa swali la kwanza, wengine wanajibu la tatu kwa ushahidi wa la nne, na kila mtu anamwona mwenzake mjinga.

Kwa hiyo chukua karatasi, andika hayo maswali manne, acha nafasi chini ya kila moja.

2. Chora mti wa ukoo, na mashimo uyaache wazi

Hapa ndo pa kukaa sana. Anzia kwa mtawala wako panda juu, baba, mama, bibi na babu wa pande zote mbili, ukifika mahali hakuna jina weka alama ya kuuliza. Usiruke. Alama ya kuuliza ndo kitu cha thamani kuliko vyote kwenye hiyo karatasi, maana humo ndimo watu huwa wanaingiza wanachokitaka wao.

Tumchukue Cleopatra tumchore pamoja. Juu kabisa yuko Ptolemy wa Kwanza, jenerali wa Alexander, Mmakedonia, Alexander alipokufa mwaka 323 KK huyu akaishika Misri na baadaye akajiita mfalme. Mwanae Ptolemy wa Pili alimwoa dada yake Arsinoe wa Pili, na huo ndo mwanzo wa ule mtindo wa ndugu kuoana kwenye ule ukoo, ila angalia hapa, watoto aliozaa hakuzaa na huyo dada, alizaa na mke wa kwanza ambaye naye anaitwa Arsinoe. Ndo maana nasema chora, ukisoma kichwani tu lazima upotee, majina ni matatu manne yanazunguka humohumo. Kuna Ptolemy wa Nane huyo, alimwoa dada yake Cleopatra wa Pili, alafu akamwoa na binti wa huyo dada yake, Cleopatra wa Tatu, na wote wawili akawa nao kwa wakati mmoja. Mti wa ukoo hapo haufanani na mti tena, unafanana na kamba ya kusukwa.

Watu wakiona hivo wanasema basi, ni Wamakedonia watupu mwanzo mwisho. Subiri. Ptolemy wa Tano, yule wa lile jiwe la Rosetta la mwaka 196 KK, alioa kutoka nje, alimwoa binti wa Antiochus wa Tatu, mfalme wa Waseleuko wa Syria. Na Waseleuko wanaanzia kwa Seleucus ambaye mkewe Apama alikuwa mwanamke wa kutoka Asia ya Kati, mtu wa jamii za Kiirani, aliolewa kwenye ile harusi ya pamoja ya Susa mwaka 324 KK Alexander alipowaozesha maafisa wake. Mke wa huyo Antiochus wa Tatu naye alitoka Ponto, ufalme wa kaskazini mwa Uturuki ya leo, kwa wafalme waliojihesabu Waajemi. Kwa hiyo damu ya Kiirani imo, ya mbali lakini imo, na cha ajabu kwenye huo ugomvi wote ni nadra kusikia mtu anaitaja, kwa sababu haimpi ushindi mtu yeyote.

Sasa mashimo. Baba yake Cleopatra ni Ptolemy wa Kumi na Mbili na huyu bwana mama yake hajulikani, watu wa zamani walimwita mwana wa nje ya ndoa. Shimo la kwanza hilo, bibi mzaa baba. La pili ni mama wa Cleopatra mwenyewe. Wataalam wengi wanamtaja Cleopatra Tryphaena, mke wa mfalme (vitabu vingine vinamwita wa Tano vingine wa Sita, usishangae), ila hakuna mwandishi wa zamani aliyesema waziwazi huyu ndiye mama. Na Strabo, mwandishi Mgiriki wa jiografia aliyeishi kipindi hichohicho, anaandika kwamba katika binti watatu wa huyo mfalme ni yule mkubwa tu aliyekuwa wa ndoa, na mkubwa si Cleopatra, ni Berenice.

Sasa je, mama alikuwa Mmisri? Inawezekana. Mgiriki? Inawezekana na wengi wanaona ndo uwezekano mkubwa. Ushahidi hausemi. Kazi yako siyo kuziba hilo shimo, kazi yako ni kuonyesha liko wapi na lina ukubwa gani, na ukubwa wake ni huu: mzazi mmoja asiyethibitishwa na bibi mmoja asiyejulikana. Halifuti upande wa baba, na upande wa baba haulifukii.

Ukishachora huyu mmoja wengine wote utawaona rahisi. Septimius Severus, mfalme wa Roma aliyezaliwa mwaka 145 BK Leptis Magna, Libya ya leo, mti wake ni mfupi na mzuri: upande wa baba watu wa Kipuni, yaani kizazi cha wale Wafoinike waliohamia pwani ile na kuchanganyika na wenyeji, upande wa mama ukoo wa Fulvii wenye asili ya Italia. Mkewe Julia Domna kutoka Emesa, Syria. Watoto wao Caracalla na Geta basi ni Libya, Italia na Syria kwenye sufuria moja, na wote wawili walikuwa wafalme wa Roma.

3. Majina ya watu na nchi: usitafsiri kwa macho ya leo

Hii imewaumiza wengi. Mgiriki wa zamani akisema Aithiopia hamaanishi Ethiopia ya leo, mara nyingi anamaanisha nchi zote za kusini mwa Misri, hasa Kushi ambayo ni Sudan. Akisema Libya anamaanisha kipande kikubwa cha kaskazini mwa Afrika, saa nyingine bara zima. Mroma akisema Africa anazungumzia jimbo, Tunisia ya leo na pembeni yake. Kwa hiyo ukikuta sentensi "Severus alikuwa Mwafrika" ni kweli kabisa kwa maana ya Kiroma na haikuambii kitu chochote kuhusu ngozi yake.

Wenye Biblia mnamkumbuka Tirhaka mfalme wa Kushi, 2 Wafalme 19:9. Huyo ndo Taharqa, farao wa nasaba ya 25. Nimeona video nzima inamweka Addis Ababa kwa sababu tafsiri fulani ya zamani iliandika Ethiopia. Kwao kulikuwa Napata, kwenye Nile, chini ya mlima Jebel Barkal.

Na hata neno "Mgiriki" lenyewe, ndani ya Misri ya akina Ptolemy ilifika mahali likawa hadhi ya kodi. Ukiandikwa Mgiriki unasamehewa kodi fulani, na kwenye hilo kundi waliingia Wayahudi, Wathrakia na hata Wamisri kadhaa. Makaratasi yanasema Mgiriki, mama yake alimzaa Mmisri. Sasa hapo ukihesabu asili za watu kwa makaratasi ya kodi, pole.

Na neno farao ni cheo, halina kabila. Shoshenq wa Kwanza ukoo wake ulikuwa wa Walibya wa Meshwesh, Piye na Taharqa ni Wakushi, Cambyses aliyeiteka Misri mwaka 525 KK ni Mwajemi, akina Ptolemy Wamakedonia, na katikati ya wote hao wamejaa Wamisri wenyewe wa kusini na kaskazini. Mtu akikuambia "mafarao walikuwa" alafu akamalizia na rangi moja, muulize farao yupi.

4. Jiwe siyo ngozi

Sanamu ya Khafre, mwenye piramidi ya pili ya Giza, imechongwa kwenye jiwe gumu la weusi wa kijani. Hakuna anayesema Khafre alikuwa wa kijani, lakini jiwe likiwa jeusi ghafla linageuka ushahidi, na likiwa marumaru nyeupe ya Kigiriki nalo linageuka ushahidi wa upande wa pili, wakati zile sanamu za marumaru zilikuwa zinapakwa rangi na rangi imebanduka. Kichwa kidogo cha malkia Tiye kilichoko Berlin, kile cheusi kizuri ambacho kila mtu anakitumia, ni mti, mti wa aina ya yew, ndo rangi yake hiyo. Inawezekana kweli alikuwa mweusi. Ila hicho kichwa hakithibitishi.

Na rangi zenyewe zilikuwa na kanuni. Mchoraji wa Misri alimpaka mwanaume wekundu wa udongo na mwanamke unjano, kwa karne nyingi sana, mume na mke wa nyumba moja. Nyeusi ilikuwa ni rangi ya udongo wa mafuriko ya Nile na ya Osiris, mungu anayekufa na kufufuka, na ndo maana Mentuhotep wangu kakunja mikono vile: pale ni mfalme anayejionyesha kama Osiris. Malkia Ahmose-Nefertari, kule Deir el-Medina mafundi waliochimba makaburi ya wafalme walimwabudu kama mlinzi wao miaka mingi baada ya kufa, wakamchora mweusi, na kuna picha zingine kachorwa kwa rangi tofauti. Picha nyeusi zinatuambia alivyoabudiwa.

Hata Severus. Ile picha ya duara ya familia yake iliyoko Berlin, imechorwa kwenye ubao, yeye ana ngozi ya kahawia na mvi, Julia Domna pembeni yake mweupe zaidi, na sura ya mtoto mmoja imefutwa kabisa maana Caracalla alimwua Geta mwishoni mwa mwaka 211 akaamuru picha zake zifutwe. Ni picha ya ajabu sana, watu wanaiweka kama vile ni pasipoti. Lakini mchoraji wa zama zile alikuwa na desturi ileile, mwanaume mweusi zaidi mwanamke mweupe zaidi. Itumie, iseme ilivyo, alafu taja hiyo desturi kwenye sentensi ileile, isisubiri sentensi inayofuata kwa sababu watu hawafiki huko.

Kanuni yangu: usitumie sanamu au picha moja. Tafuta angalau tatu za mtu huyohuyo, za vitu tofauti, mfano sarafu, ukuta na sanamu. Zikipishana ujue unaangalia mtindo. Zikikubaliana una kitu.

5. Mtawala anapojitajia ukoo wake, shika mfuko

Wafalme walikuwa wanatengeneza nasaba kama wanasiasa wanavyotengeneza mabango. Hatshepsut alichora kwenye hekalu lake la Deir el-Bahari jinsi mungu Amun alivyomwendea mama yake. Alexander alienda mpaka jangwani Siwa akatoka mwana wa mungu. Julius Caesar, eti bibi yao ni Venus, mungu wa kike. Lakini anayenichekesha ni huyuhuyu Severus: mwaka 195 alitangaza kwamba yeye ni mwana wa Marcus Aurelius, ambaye alishafariki miaka 15 nyuma na hakuwahi kumwasili. Cassius Dio, mwanahistoria wa zama zilezile, anasimulia kwamba mtu mmoja mwenye ulimi akamwambia mfalme hongera, umepata baba. Ukiyasoma maandishi rasmi ya baada ya hapo utakuta Severus mwana wa Marcus, yamechongwa kwenye mawe kabisa, na kama huna ile karatasi yako ya mti utaamini.

Hii haimaanishi kila nasaba ya kujisifia ni uongo. Masultani wa Kilwa simulizi zao ziliwatoa Shiraz, na kwa miaka mingi wasomi waliona ni hadithi ya kujipa heshima tu. Mwaka 2023 ukatoka utafiti wa vinasaba vya watu wa kale 80 kutoka miji ya pwani kama Mtwapa, Manda na Kilwa na maeneo jirani ya bara, ukaonyesha kwamba kuanzia kama mwaka 1000 BK upande wa baba wengi wa watu wa ile miji walikuwa na asili ya Uajemi, na upande wa mama karibu wote Waafrika. Kwa hiyo simulizi ilikuwa na mbegu ya kweli na wakati huohuo ilikuwa imewasahau kina mama wote. Ila hakuna sultani anayejulikana kwa jina aliyepimwa pale, kwa hiyo huwezi kuchukua hayo majibu ukambandika sultani fulani ukasema tumethibitisha.

Andika hivi: "alidai", "alijitangaza", "simulizi za ukoo zinasema". Hayo maneno hayakugharimu kitu.

6. Mifupa na vinasaba: uliza ni vya nani

Kuna kisa kimoja hiki nakitaka ukijue vizuri. Cleopatra alikuwa na mdogo wake, Arsinoe wa Nne, aliuawa Ephesus, Uturuki ya leo, mwaka 41 KK. Pale Ephesus kuna kaburi la fahari lenye pembe nane katikati ya mji, na mwaka 1929 mwanaakiolojia alilifungua akatoa fuvu, mifupa mingine akaiacha. Miaka ya 1990 likaja wazo kwamba hili ni kaburi la Arsinoe, mwanamke kijana, umbo la jengo linafanana na sehemu ya mnara wa taa wa Alexandria, kipindi kinaendana. Alafu kwa kutumia vipimo na picha za zamani za fuvu, maana fuvu lenyewe lilikuwa halijulikani liliko, mwaka 2009 ikarushwa kwenye televisheni kwamba Arsinoe ana dalili za mama Mwafrika, kwa hiyo na Cleopatra hivohivo. Hii hoja imetumika miaka na miaka. Mimi pia niliitumia.

Fuvu likaja kupatikana Vienna. Wakalipima, na Januari 2025 majibu yakatoka: siyo Arsinoe. Siyo hata mwanamke. Ni mvulana wa miaka 11 mpaka 14 mwenye maradhi ya ukuaji yaliyoharibu umbo la taya na fuvu, na vinasaba vyake vinaelekea Italia au Sardinia. Umri wa mifupa unaangukia kipindi kilekile, kaburi ni lilelile, kila kitu kilikaa vizuri kasoro mtu mwenyewe.

Sasa angalia ule mnyororo ulivyokuwa. Jengo likatupa jina, jina likatupa fuvu, vipimo vya fuvu vikatupa mama, mama akatupa rangi ya Cleopatra. Pete tano, na ya kwanza ilikuwa dhana. Kwa hiyo ukikutana na habari ya "sayansi imethibitisha asili ya mfalme fulani" kabla ya kusoma majibu uliza swali moja kwanza: walijuaje kwamba hii mifupa ni yake? Kwa Tutankhamun wanajua, alikutwa kaburini kwake na jina lake kila mahali. Kwa huyu anayeitwa baba yake, yule wa kaburi KV55, utafiti wa mwaka 2010 ulionyesha ni baba yake kwa damu, lakini kama ndiye farao Akhenaten hasa bado watu wanabishana, hasa kwa sababu ya umri wa mifupa.

Swali la pili, matokeo wameyatoa wapi. Mwaka 2011 kampuni moja ya kuuza vipimo ilitangaza kwamba Tutankhamun ana ukoo wa baba unaopatikana kwa wingi Ulaya Magharibi, na data waliisoma kutoka kwenye skrini ya kompyuta iliyoonekana kwenye kipindi cha televisheni. Kwenye televisheni! Watafiti wenyewe waliofanya kazi ile wakakataa. Bado inazunguka mpaka leo.

La tatu, ni wangapi na wa wapi. Ule utafiti wa mwaka 2017 wa maiti zilizokaushwa za Abusir el-Meleq ulikuwa wa sehemu moja ya Misri ya kati, vinasaba kamili zaidi vilipatikana kwa watu watatu tu, na hakuna mfalme hata mmoja. Ni utafiti mzuri. Ukiuchukua ukauvisha Ramses wa Pili umeuonea.

7. Sura za kompyuta

Kwa kifupi: fuvu linaweza kutoa umbo la uso kwa kiasi, halitoi rangi ya ngozi, wala midomo na ncha ya pua kwa uhakika. Mwaka 2005 timu tatu zilitengeneza sura ya Tutankhamun kutoka kwenye picha za skana za mwili wake, Wamisri, Wafaransa na Wamarekani, sura zikafanana kwa mambo makubwa zikatofautiana kwenye pua na masikio, na ile ngozi ilikuwa ni makadirio, ugomvi wote ukaangukia palepale kwenye makadirio. Akili mnemba ndo kabisa, yenyewe haina fuvu, inakurudishia wastani wa picha ambazo watu walishazitengeneza. Ukiitumia iandike pale pale juu ya picha kwamba ni ya kubuni.

8. Chagua mwigizaji au rangi, alafu kiri umechagua

Utafika mahali ushahidi umeisha na picha bado inadai ngozi. Hapo unachagua, hakuna dhambi. Kwa Cleopatra, Lucan mshairi wa Roma anamtaja kifua cheupe, lakini Lucan alizaliwa mwaka 39 BK, karibu miaka 70 baada ya malkia kufa, na ni mshairi. Plutarch, mwandishi Mgiriki, naye wa baadaye, anamsifia mazungumzo kuliko sura, na anasema aliongea lugha nyingi na kwamba wafalme waliomtangulia hata Kimisri hawakuhangaika kujifunza. Aliyemwona akaandika rangi yake maandishi yake hayajatufikia. Kwa hiyo mwigizaji wa sura ya Mediterania ndo chaguo linaloendana zaidi na ule mti tuliochora, huo ndo msimamo wangu, na ukichagua tofauti sema ni uamuzi wa kisanaa, usiuvishe koti la historia.

Na hapa niseme kitu kinachonikera kidogo. Kama unatafuta malkia mweusi wa Afrika aliyepambana na Roma, zama zilezile, yuko. Miaka michache tu baada ya Cleopatra kufa jeshi la Kushi lilishambulia ngome za Waroma kusini mwa Misri, na Strabo anamtaja kandake wao, yaani malkia, mwanamke shupavu mwenye chongo, wengi wanamtambua kuwa Amanirenas. Kichwa cha shaba cha sanamu ya Augustus kilikuja kuchimbuliwa Meroë, mji wa Kushi, mwaka 1910, kilikuwa kimefukiwa chini ya ngazi za hekalu, kila anayeingia anamkanyaga mfalme wa Roma kichwani. Na vita ile iliisha kwa makubaliano, Augustus akawaondolea kodi. Au chukua Taharqa, sanamu zake na za warithi wake zilivunjwa makusudi zikazikwa, mwaka 2003 wakazikuta shimoni karibu na Kerma, Sudan, saba, wakaziunga vipande. Mti wa hawa unao, makaburi ya Nuri unayo, mahekalu unayo. Hawahitaji kuazima mtu.

9. Maelezo ya chini ya picha

Mwishoni andika maelezo kwa mpangilio wa yale maswali manne, sentensi fupi. Ya Cleopatra naiandika hivi: "Cleopatra VII, 69–30 KK, malkia wa Misri, makao yake Alexandria. Ukoo wa baba ni Wamakedonia walioitawala Misri karibu miaka 300, pamoja na damu ya Kiirani ya mbali. Mama yake hakutajwa waziwazi, bibi mzaa baba hajulikani. Sura kwenye picha hii imefuata sarafu zake, rangi ya ngozi ni chaguo la mchoraji." Sekunde 15 kuisoma kwa sauti, nimepima.

Na ile ya Mentuhotep nimeirudia, picha ileile sijaibadilisha: "Mentuhotep II, mwana wa Intef III na Iah, wa Thebes. Hapa amechongwa kama Osiris ndo maana ngozi ni nyeusi, rangi ya udongo wa Nile. Kwenye kuta za hekalu lake amepakwa wekundu kama wanaume wengine. Ngozi yake ya kweli haikuandikwa popote." Waliosambaza ile ya kwanza wengi hawakusambaza hii.